Siku mbili Iringa bila gari: je, Kalenga kuna cha kuona?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Tanga. Mwezi wa saba nakuja Iringa kwenye harusi ya binamu yangu, na baada ya harusi tutakuwa na siku mbili za kuzunguka. Nitakuwa na mama yangu, ana miaka sitini na kitu na magoti yanamsumbua. Napenda sana magofu: Tongoni ni jirani na kwetu, na Kilwa Kisiwani nimeshafika. Nataka kuuzunguka mji wa Iringa kwa miguu na kwenda Kalenga kuona ngome ya Mkwawa, yule chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lakini wenyeji wawili niliowauliza wameniambia nisijisumbue, eti Kalenga hakuna kitu, ni kijiji tu chenye nyumba ya makumbusho. Hatuna gari. Je, ni kweli? Na nikipata nafasi ya kwenda sehemu moja tu kati ya Kalenga na Isimila, kwenye lile korongo la zana za mawe za kale, nichague ipi?

JIBU: Marahaba mwanangu, na mama msalimie sana. Nianze na hilo la mwisho maana ndilo linalokukera: ukipata nafasi ya sehemu moja tu, nenda Kalenga.

Hao waliokuambia hakuna kitu hawakukudanganya, kama kipimo chao ni Kilwa. Kalenga hutakuta matao wala msikiti uliosimama bila paa. Hakuna ukuta mrefu wa kuegemea upigwe picha. Ukishuka kwenye gari utaona nyumba za watu, mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, na kuku wakikatiza njia. Mgeni asiyejua anachokitafuta anamaliza robo saa, anarudi mjini, na kuanzia hapo naye anawaambia wenzake kuwa hakuna kitu. Nimeongoza watu huko kwa miaka mingi na nimewaona wengi wa namna hiyo, hata walimu wenzangu. Ndiyo maana nakujibu kwa urefu.

Magofu uliyoyazoea ya pwani yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Biashara ilipohama, watu walipungua, lakini majengo yakabaki yakiliwa polepole na mvua na mizizi ya miti. Kwa hiyo unachokiona Kilwa au Tongoni ni mji uliozeeka. Kalenga haikupata nafasi ya kuzeeka. Ilikuwa ngome ya mawe, udongo na miti, ikapigwa mizinga, ikavamiwa na kubomolewa katika vita vya kuikamata, na waliobomoa hawakutaka isimame tena. Uwazi utakaoukuta pale una tarehe yake: 30 Oktoba 1894.

Nikupe kisa kwa kifupi ili ukifika usianze kukisoma kwenye simu. Munyigumba, baba yake Mkwawa, ndiye aliyeziunganisha himaya ndogondogo za Uhehe zikawa dola moja, na alipofariki karibu na mwaka 1879 kukatokea ugomvi wa urithi ambao Mkwawa aliushinda. Miaka kumi na kidogo baadaye Wajerumani walikuwa wameshika pwani na wanapanda bara. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, kikosi chao kilichoongozwa na Emil von Zelewski kiliingia katika mtego wa Wahehe waliokuwa wamejificha vichakani. Zelewski mwenyewe akauawa pamoja na sehemu kubwa ya msafara wake, askari na wapagazi, na bunduki nyingi zikaangukia mikononi mwa Wahehe. Berlin haikusahau. Baada ya miaka mitatu Gavana Friedrich von Schele alikuja na jeshi kubwa zaidi na mizinga, akaishambulia Kalenga na kuiteka. Mapigano yaliingia hadi ndani ya ngome, nyumba kwa nyumba. Mkwawa akatoka akiwa hai, na kwa karibu miaka minne akapigana vita vya msituni huku kichwa chake kikiwa kimetangaziwa zawadi ya rupia 5,000. Tarehe 19 Julai 1898, akiwa amezingirwa na amebaki na watu wachache mno, alijipiga risasi huko Mlambalasi ili asikamatwe. Mtakuwa hapa mwezi huohuo.

Sasa sikiliza jambo ambalo wageni wengi hulikosa, na ndilo linaloamua namna ya kuzitumia siku zenu. Zamani, mtu aliposema Iringa alimaanisha Kalenga, mji mkuu wa Mkwawa kando ya Mto Ruaha Mdogo. Mji unaouona leo pale juu, wenye soko na mabenki, ni Iringa mpya, iliyoanzishwa na Tom von Prince katika miaka hiyohiyo ya 1890 kama kituo cha jeshi la Wajerumani, wakati Mkwawa bado yuko msituni. Kwa hiyo mji utakaoutembea kwa miguu ulizaliwa kama kambi ya walioivunja Kalenga. Hiyo kambi na hilo gofu ni vitu vya kuona pamoja, kimoja kinaeleza kingine. Anayeona mji peke yake ameona majengo ya zamani tu, na anayekwenda Kalenga bila kupita mjini ataona shamba.

Ndiyo sababu nashauri siku ya kwanza iwe ya mjini, na Kalenga iwe asubuhi ya siku ya pili.

Siku ya mjini anzeni Boma. Ni jengo la wakati wa Wajerumani, kuta nene, madirisha marefu, veranda pana. Inaelezwa kwamba lilijengwa kama hospitali ya jeshi, na Waingereza walipochukua nchi wakaligeuza ofisi za utawala, matumizi yaliyoendelea hata baada ya uhuru. Tangu 2016 ni makumbusho ya mkoa, kazi iliyofanywa na mradi wa urithi uliosimamiwa na Chuo Kikuu cha Iringa. Mama ataingia bila shida. Mule ndani kuna historia ya makabila ya nyanda hizi, zana za kilimo na za vita, mavazi, na maelezo ya vita vya Wahehe yaliyopangwa vizuri kuliko utakavyoyapata mahali pengine popote mkoani. Msiende mbio. Kabla hamjaingia, simameni nje dakika chache mtazame ukuta wenyewe: uone unene wake pale dirishani, jiulize mawe yale yalibebwa na nani na kwa malipo gani, miaka michache baada ya Kalenga kuanguka. Swali hilo hutaliona limeandikwa kwenye kibao chochote.

Kutoka Boma mji unatembeka. Katikati ya Iringa pamekaa juu ya mgongo wa kilima, mitaa imebanana, na sehemu zote ninazokutajia ni mwendo mfupi kwa miguu. Kuna mnara wa kumbukumbu karibu na kituo cha polisi, unaowakumbuka Waafrika waliokufa wakati wa Maji Maji, 1905 hadi 1907. Pale nawaomba wanafunzi wangu wasimame wafikiri, kwa sababu Wahehe kwa jumla hawakuinuka katika Maji Maji. Wangoni waliinuka, Wabena na Wapogoro pia, lakini Uhehe ilikuwa imetoka kuvuja damu kwa miaka saba mfululizo, na chifu wao alikuwa amekufa mwaka 1898 tu. Watu wengine huwalaumu kwa hilo. Mimi nadhani ni kuwaonea: aliyezika watoto wake juzi hawezi kuulizwa kwa nini leo hakubeba mkuki.

Ukiendelea utaona jengo la jamatkhana, yaani nyumba ya ibada ya Waismailia, lenye mnara wa saa, ambalo kwa macho yangu ndilo jengo zuri kuliko yote ya mji mkongwe, na maduka ya kale ya Wahindi yenye baraza mbele na makazi juu au nyuma. Mtu wa Tanga ataizoea mitaa hiyo mara moja. Kuna pia makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, yanayotunzwa vizuri, yana wanajeshi wa Vita Kuu ya Kwanza wa pande zote mbili wamelala karibukaribu. Kama mnapenda utulivu piteni. Kama muda ni mdogo, acheni.

Soko kuu msiliache. Mwambie mama asinunue kikapu barabarani kabla ya kufika sokoni. Vikapu vya Iringa vinasukwa na akina mama kwa milulu, majani marefu yanayoota majimajini, na kilicho kizuri unakijua kwa kukishika: misokoto imekazana kiasi kwamba ukikibonyeza ubavuni kinarudi chenyewe, na kitako hakichezi kikiwekwa mezani. Kile kilichosukwa kwa haraka kitalegea kabla hamjafika Chalinze. Muuzaji msalimieni "Kamwene" kwanza. Ni salamu ya Kihehe, anayesalimiwa huitikia hivyohivyo, na bei haianzi palepale ambapo ingeanzia bila salamu.

Jioni, kama mama amechoka mwache apumzike, wewe upande Gangilonga. Ni jiwe kubwa juu ya mji, upande wa mitaa inayoitwa kwa jina hilohilo. Wazee husimulia kwamba Mkwawa alikuwa akikaa pale kutafakari, na kwamba jiwe ndilo lililomwonya kuhusu ujio wa Wajerumani. Simulizi hiyo ichukue kama inavyotolewa. Kupanda si kazi kwa kijana, na ukiwa juu utauona mji wote, na utaelewa papo hapo kwa nini mwanajeshi alipachagua: pande zilizo nyingi ardhi inaporomoka, na bonde la Ruaha Mdogo liko chini. Panda saa kumi, shuka jua likiwa bado lipo, na usiende peke yako. Mtafute binamu yako au kijana wa mtaani anayefahamika mnapofikia. Pale juu ni pakimya, na kwenye ukimya wezi wa simu nao hupita.

Siku ya pili ni ya Kalenga. Ni kama kilomita 15 kutoka mjini, njia ya kuelekea Hifadhi ya Ruaha. Gari ndogo za abiria zipo, na bodaboda zipo, lakini kwa ajili ya magoti ya mama nakushauri mchukue bajaji au taksi kwa nusu siku. Mnapopatana, taja mapema kwamba atawasubiri na mtakaa si chini ya saa mbili, maana wengi hukadiria kwamba mgeni wa Kalenga hamalizi nusu saa, na baadaye huanza kunung'unika. Waambieni pia kama mtapenda kupitia Tosamaganga, misheni ya zamani ya Wakatoliki iliyo kilimani, si mbali na njia hiyo. Kanisa lake ni kubwa kuliko unavyotegemea kukuta mahali pale.

Mkifika, msikimbilie kuingia ndani. Muombeni mhifadhi awaonyeshe kwanza mabaki ya ukuta. Ukuta wenyewe, ulioitwa Lipuli, ulijengwa kwa miaka kadhaa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1880, wa mawe na udongo, ukapita kimo cha mtu na kuuzunguka mji kwa kilomita kadhaa. Kilichobaki ni kidogo. Mtu asiyeonyeshwa anakikanyaga. Utaona mahali ardhi imeinuka kama tuta la shamba lakini haifuati mstari wa shamba, na mawe yanachungulia kwenye udongo mwekundu yakiwa yamepangwa, yale makubwa chini na madogo yamejazwa katikati. Chuchumaa. Jiwe la kawaida la shambani limelala jinsi lilivyoangukia, ila haya yamelazwa kwa ubapa wake, moja limefunga pengo la mawili yaliyo chini yake. Hiyo ni kazi ya mkono wa fundi. Ukishalijua tuta moja, nyanyua macho ufuate mwelekeo wake kuvuka mashamba na migomba, na taratibu utaanza kuuona ukubwa wa kitu kilichokuwepo. Mimi hapo ndipo hukaa kimya niwaache wageni watazame.

Baada ya hapo geukeni mvitazame vilima vinavyolizunguka bonde. Ngome ile ilijengwa kuwashinda maadui ambao Wahehe walikuwa wamewajua, watu wenye mikuki na magobole, na dhidi ya hao ilitosha kabisa. Adui mwenye mizinga akikaa mahali palipoinuka, ukuta haumzuii tena. Watu huuliza kwa nini Mkwawa hakupigana Kalenga kama alivyopigana Lugalo, kwa kuvizia. Sina shaka ni swali zuri, na wanahistoria wamelijadili sana. Ila ukisimama pale, ukaona kwamba mji mkuu ulikuwa na familia, ghala za chakula na pembe za ndovu, utaelewa kwamba mfalme hawezi kuuacha mji wake kama mwindaji anavyoacha kambi.

Sasa ingieni makumbusho. Ni nyumba ndogo, chumba kimoja hivi. Kuna mikuki, ngao, bunduki, vitu vya nyumbani kwa chifu, na kwenye sanduku la kioo kuna fuvu la Mkwawa. Mwandae mama kabla hamjaingia, maana wapo wanaoshtuka, na wapo ambao kwa imani yao wasingependa kuliona. Akipenda kubaki nje kivulini si vibaya.

Fuvu hilo lina safari ndefu. Mkwawa alipokwisha kufa, kichwa kilikatwa na kupelekwa kwa Wajerumani Iringa, na hatimaye kikafika Ujerumani. Mwili ukabaki kuzikwa Mlambalasi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Mkataba wa Versailles wa 1919 uliweka kifungu maalumu, cha 246, kilichoitaka Ujerumani ilirudishe fuvu la Mkwawa ndani ya miezi sita. Fikiria: mkataba uliopanga upya mipaka ya Ulaya una sentensi kuhusu kichwa cha chifu wa Uhehe. Halikurudi. Wajerumani walisema hawajui lilipo, na suala likalala zaidi ya miaka thelathini, mpaka Gavana wa Kiingereza wa Tanganyika, Edward Twining, alipolifufua na mwaka 1953 kwenda mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen. Pale alikuta mafuvu kama 2,000. Yaliyoandikwa kuwa yametoka Afrika Mashariki ya Kijerumani yalikuwa 84. Wakayapima, wakalinganisha na vipimo vya vichwa vya ndugu wa ukoo wa Mkwawa walio hai, wakatafuta lenye tundu la risasi, wakachagua moja. Tarehe 19 Juni 1954 Twining alilikabidhi hapo Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wake, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge letu kwa miaka mingi.

Wasomi wamehoji kama njia hiyo ya vipimo ingeweza kweli kumtambua mtu mmoja. Nami nawaambia wageni wangu hivyo, sifichi. Lakini kila ninaposimama mbele ya kioo kile, kinachoniumiza ni ile namba nyingine. Mafuvu 84 kutoka kwetu, na limerudi moja. Yale 83 yalikuwa ya akina nani? Kila moja lilikuwa na jina, na nyumbani kwao walikosa cha kuzika. Serikali ya Waingereza ilimrudisha chifu kwa sababu zake za kisiasa, na hao wengine hakuna aliyewaulizia. Ukitoka Kalenga na swali hilo tu, hukupoteza nauli.

Nje kuna makaburi ya ukoo, akiwemo Chifu Adam Sapi mwenyewe. Ni makaburi ya watu wenye ndugu wanaoishi jirani, basi vueni kofia, msikalie kingo zake, na kabla ya kupiga picha ulizeni. Ndani ya makumbusho pia ombeni ruhusa kwanza.

Isimila nimeiweka nyuma, ila usidhani naidharau. Kama mtamaliza Kalenga mapema na dereva mmepatana, mnaweza kurudi mjini mle, kisha mwende Isimila mchana. Iko upande mwingine kabisa, kama kilomita 20 kwa barabara ya Mbeya, na kutoka lami kuna kipande cha njia ya vumbi. Hilo ndilo gofu la kale kuliko yote utakayoyaona maishani mwako, kwa sababu lina umri wa takriban miaka 260,000, kwa kipimo kilichofanywa kwenye mifupa iliyofukuliwa pale. Mwaka 1951 mwanafunzi mmoja wa shule kutoka Afrika Kusini, akiwa safarini, aliokota zana za mawe kwenye korongo. Mwaka 1957 na 1958 mtaalamu Clark Howell aliongoza uchimbaji. Wakagundua kwamba palikuwa na bwawa la maji ya kina kifupi, watu wa kale walikaa kandokando yake, na kati ya wanyama waliokunywa hapo alikuwepo kiboko wa aina iliyokwisha kutoweka, ambaye macho yake yalikuwa yamechomoza juu ya kichwa kuliko ya kiboko wa leo.

Zana zenyewe zimelala kwenye korongo kwa wingi. Itazame moja kwa makini, ile wanayoiita shoka la mkono. Upande mmoja umechongoka, mwingine ni mnene unaojaa kiganjani, na pembeni pote kuna makovu madogomadogo ya kupigwapigwa, kushoto kisha kulia, mpaka ukingo ukawa mkali. Zingine zina makali ya moja kwa moja upande wa mbele, kama panga fupi. Nyingi ni kubwa kupita kiasi, nzito, hata unajiuliza zilishikwaje. Usiokote. Hata kipande kidogo kikihamishwa, wataalamu hawawezi tena kujua kililala wapi na kando ya nini, na sheria ya mambo ya kale nayo inakataza.

Mbele zaidi kuna nguzo za mchanga zilizochongwa na maji na upepo, ndefu kama minara, na ndizo zinazopigwa picha kila mara. Mama asishuke huko. Njia ni ya kuteremka kwenye changarawe inayoteleza, na kupanda kurudi ni kugumu kwa mtu wa magoti. Abaki kwenye jengo la makumbusho, wewe shuka na mwongozaji. Julai ni ukame, kwa hiyo korongo litapitika. Wakati wa masika nisingekushauri hata wewe kijana.

Msikubali ushauri wa kushuka Isimila kutoka kwenye basi mkiwa njiani kwenda Mbeya, kama mna safari hiyo. Mtabaki barabarani na mizigo mkisubiri basi lenye nafasi, na mabasi makubwa hayapendi kusimama.

Lugalo na Mlambalasi nitazipitia haraka. Lugalo iko upande wa barabara ya Dar es Salaam, kabla ya kufika Ilula mkitokea Iringa. Kuna mnara, na bonde lenyewe ndilo la kutazama. Mnaporudi Tanga mtapita jirani, muwe mmekaa dirishani. Mlambalasi ni kilomita kama 50 kutoka mjini kwa njia ileile ya Kalenga. Kuna kaburi la Mkwawa, na karibu yake pango la mwamba ambamo watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta cha Kanada, pamoja na wenzao wa Tanzania, wamefukua mabaki ya watu waliozikwa maelfu ya miaka kabla ya Wahehe hawajafika. Mahali hapo nakupenda ufike siku moja, ila njia ya vumbi ni ndefu kwa mama, na kwa siku mbili mtakuwa mnakimbizana.

La mavazi msilichukulie kwa wepesi. Mji uko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari na Julai ndiyo baridi yetu. Asubuhi mtu wa Tanga anatetemeka meno. Sweta nzito, soksi, na kitenge cha ziada cha mama cha kujifunika kwenye bajaji, maana upepo unapita pande zote mbili. Ikifika saa sita jua linachoma, kwa hiyo na kofia pia. Basi litawashusha stendi ya Igumbilo, chini kwenye barabara kuu. Kutoka hapo pandeni daladala au bajaji kuingia mjini, msiupande mlima ule kwa miguu mkiwa na mizigo.

Chukueni vitambulisho vya taifa, kwa sababu kiingilio cha Mtanzania ni tofauti na cha mgeni wa nje, na chukueni fedha taslimu zenye chenji. Mwongozaji wa mjini mpataneni naye bei kabla ya kuanza kutembea, na muulizeni swali moja la kumpima: Iringa ya kwanza ilikuwa wapi? Akiwaonyesha mitaa ya mjini, mshukuruni na mtafute mwingine.